Ngome ya Mwalimu Shambani Kwangu

Hapana, mimi sikumroga. Nakujibu kabla hujauliza, maana naona unavyozunguka na kikombe cha watu mkononi, unakitazama kilima, halafu unanitazama mimi. Kila anayekuja hapa Rudewa akamkosa Mwalimu njiani na fimbo yake, anaishia kwangu. Mwalimu mzima. Miguu yake mizima, uji anakunywa, anatukana redio ikisoma habari vibaya. Kupanda kilimani tu ndiyo hapandi tena. Na aliyemshusha ni mimi, kwa mdomo huu huu, bila dawa yoyote. Kaa basi. Sogeza hicho kigoda, kile kina mguu mbovu.

Jina lake analo, na mimi nalijua, ila hapa hakuna anayelitaja. Walimu wengine wamekuja na kuondoka, tukawaita mwalimu wa hesabu, mwalimu wa kipara, mwalimu mwenye pikipiki. Yeye ni Mwalimu basi. Alistaafu zamani lakini shati lake bado linapigwa pasi ya mkaa kila siku, na mfukoni kuna kalamu nyekundu. Hiyo kalamu usiiulize. Popote alipoona maandishi aliyasahihisha. Mlango wa duka, mfuko wa saruji, kadi ya harusi uliyomletea kwa mikono miwili, anaichukua, anaisimamia pale pale, kata hapa, kata pale, anakurudishia. Siku moja lilibandikwa tangazo la msiba pale msikitini. Akalisahihisha tangu juu mpaka chini, akafunga kalamu, ndipo akageuka kuuliza, "Aliyefariki ni nani?" Alikuwa binamu yake.

Ukitaka kumsikia, msikie hivi. Anasimama wima, kidevu juu, anasema polepole kama anakuandikia ubaoni: "Mama. Mtu. Asiyesahihishwa. Ataendelea. Kukosea." Watu wakinisikia namwigiza wanageuka kumtafuta nyuma ya mlango. Mimi wananiita Redio. Nikimsikia mtu mara moja ninaye. Mwenyekiti wa kijiji ninaye, mkunga ninaye, marehemu mume wangu ninaye, na ninapomtoa siku zingine nanyamaza mwenyewe.

Kwenye salamu ndiyo alikuwa mkali kuliko wote. Kijana wa bodaboda alimpita akasema "Mambo, Mwalimu." Mwalimu akainua fimbo. "Zima pikipiki. Rudi mpaka pale kwenye mti. Uje upya." Kijana akazima, akarudi anasukuma, abiria wake juu anacheka, akaja upya. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Sasa washa."

Mimi amenizidi miaka minne au mitano, kwa hiyo shikamoo yangu ni haki yake. Nikamnyima. Miaka kumi na saba nimemnyima. Nakutana naye asubuhi nasema, "Habari za asubuhi, Mwalimu." Anasimama. Anangoja. Haiji. Basi yeye anaijibu hivyo hivyo, "Marahaba," anaitikia kitu ambacho hakikutolewa, anaendelea na safari yake. Kesho tena. Wenzangu wakasema huyu bibi uzee umempiga, amesahau adabu. Sikusahau hata moja. Nilikuwa namlipa kidogo kidogo, huku natafuta namna ya kumlipa yote.

Sasa nikueleze alichonifanyia, usije ukaona namchukia mtu bure.

Mimi sikusoma. Na siwezi kusema hakunitafuta, alinitafuta. Wakati anafundisha watu wazima pale darasani jioni, alikuja hapa mara tatu. Mara ya tatu alileta daftari jipya na penseli imeshachongwa. Nikamwambia, Mwalimu, kichwa changu kimejaa sauti za watu, hizo a, e, i, o, u zako zitakaa wapi? Akasema, "Mama, siku moja utaletewa barua." Nikamwambia, ikija si wewe upo? Tukacheka wote wawili. Penseli nikampa mwanangu Mwanaidi. Ndiye pekee niliye naye, na mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Mwanaidi akaolewa, akaenda Mikumi, kule barabarani magari makubwa yanapolala. Miaka ikapita. Siku ya kusaga ikaja barua yake. Wakati ule simu hazikuwa mikononi mwa kila mtu kama sasa. Nikaikunja kwenye kanga nikaenda nayo mashineni, na Mwalimu alikuwa pale na debe lake. Yeye ndiye msomaji wa barua zetu wote, na hakutaka malipo, hata ndizi. Nikamwambia, Mwalimu, nisomee kidogo. Nilitegemea tutasogea pembeni.

Akasimama hapo hapo. Akainyoosha barua mbali na uso. Watu na ndoo zao, wanawake ishirini, mashine ilikuwa imezimwa wanatengeneza mkanda, hata sauti ya kuifunika hakuna. Akasoma kama anavyosoma siku zote, na vituo vyake vyote:

"Mama mpendwa, mkato, shikamoo, nukta. Mimi huku sijambo, mkato, ila mume wangu ameondoka na mwanamke mwingine, mkato, ameniachia mimba, nukta. Mama mwenye hoteli amenihurumia, mkato, nalala juu ya meza tunayokatia vitunguu, nukta. Mama, mkato, usimwambie mtu, nukta."

Nukta. Mbele ya ndoo ishirini.

Halafu, nisikilize, halafu akatoa kalamu. Akaipakata barua ya mwanangu kwenye goti, akapiga mistari yake miekundu, akaandika juu, akanirudishia. "Sita kwa kumi," akasema. "Mwandiko mzuri. Ajitahidi."

Nililia njia nzima, na unga nikauacha kule kule mashineni. Lakini mimi si mtu wa kulia siku mbili. Kesho yake bombani nilimtoa yeye. Nikasimama wima, kidevu juu, nikashika jani la mgomba kama barua, nikasoma. "Nalala juu ya meza, mkato, tunayokatia vitunguu, nukta." Watu walishika mbavu. Niliwaonyesha alivyo punguani, mtu asiyejua jambo la kusoma na jambo la kunong'ona. Wakaniomba nirudie, nikarudia. Kwenye harusi wakikuna nazi wananiambia, Redio, tutolee Mwalimu na barua. Nawatolea. Msibani siku ya tatu, watu wakishachoka kulia, nawatolea. Nilitaka kijiji kizima kimcheke, na kilimcheka. Hata wa Msowero walikuwa wanajua.

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki, Mwanaidi akaja na mtoto mgongoni. Amekonda, lakini macho yake yale yale. Anakaa tu mkekani, binti mdogo wa jirani analeta maji ya kunawa, anapiga goti vizuri kabisa kama alivyofundishwa. "Shikamoo, Mama Vitunguu." Yule mtoto hakuwa na ubaya, alidhani ndilo jina. Mwanaidi akanawa. Akasema marahaba. Pilau ya hitima haijaiva yeye ameshafunga mzigo. Tangu siku ile haji. Vitu vinakuja. Kanga, sukari, dawa ya miguu, anampa kondakta wa basi la Kilosa, mimi napelekewa. Sasa simu zipo, tunaongea, anasema "Mama nitakuja," na mimi nasikia mle ndani kwamba haji.

Basi pale nikasema, Mwalimu utanilipa mwanangu.

Huku yeye wala hana habari. Yeye ana kilima chake.

Alipokuwa kijana alisomea ualimu huko pwani, na huko aliona kuta za mawe za zamani zinazotazama bahari, zina matundu, na kwenye matundu midomo ya mizinga. Zilimwingia hazikutoka. Akirudi kwenye hadithi zake utamsikia: "Ngome ina uso na ina mgongo. Uso nimeuona kule pwani, unatazama maji. Mgongo wake uko hapa." Alikuwa anasema Mjerumani alipofukuzwa baharini na Mwingereza alirudi nyuma na reli, kituo kwa kituo, akafika kwetu, akajichimbia kwenye vilima. Mimi nikamuuliza, Mwalimu, sasa hapa alikuwa analinda bahari ipi? Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Alikuwa anajilinda mwenyewe, mama. Mtu akishindwa mlangoni anahamia chumbani."

Na mahandaki yapo, sikufichi. Yapo matatu kule juu, yamejipinda kama nyoka aliyepigwa, pembeni yamepangwa mawe, na kuna mahali pa duara palipopigwa sawa. Sisi tukiwa watoto tulikuwa tunajificha humo na mvua. Mwalimu ndiye aliyeyafyeka peke yake kwa panga, akayapima. Alikuwa na fimbo aliyoitia alama kwa kisu kila shubiri moja. Hatua anazihesabu kwa sauti. Maganda ya risasi yaliyoota ukijani aliyaweka kwenye kopo la siagi, na kila ganda amelifunga karatasi ameandika limeokotwa wapi. Watu wakasema Mwalimu anatafuta mali ya Mjerumani. Vijana wa Kimamba wakaja na sururu kuchimba, akawafukuza kwa fimbo hiyo hiyo, amekaa kwenye handaki siku mbili kama askari. Angekuwa anatafuta mali angechimba nao. Hilo nampa.

Alikuwa analala ndani ya handaki mchana, chali kisha kifudifudi, eti aone alichokiona askari. Siku moja alilala juu ya siafu. Mimi niko shambani chini napalilia, nasikia kilima kinahesabu. Namwona huyo anashuka, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umo ndani ya suruali unapambana, na mdomo haujaacha, "mia mbili na kumi, mia mbili na kumi na moja," maana akiacha atarudia kuanzia mwanzo. Alivua suruali kwenye mtama wangu huku anahesabu. Nikageukia upande mwingine nikacheka mpaka nikakaa chini. Akaja na suruali yake imevaliwa sawa, shati ndani. "Mama, kutoka juu mpaka kwako ni hatua mia nne na kumi na mbili." Nikamwambia, habari za mchana, Mwalimu. "Marahaba."

Na yule mzee mfugaji wa ng'ambo ya bonde, alikuwa anawalaza ndama wake kwenye handaki la kati jua likiwa kali. Mwalimu alimpandia amefura. "Mzee mwenzangu, ndama wako wamelala juu ya historia." Yule mzee kaegemea mkuki wake, mguu mmoja juu ya goti, hana haraka, anaongea kama mtu anayekamua: "Mwalimu. Historia yako ni nzuri. Ina kivuli." Wakabishana nusu siku. Jioni nawaona wote wawili wamekaa ukingoni, mfugaji anashika kopo la siagi, Mwalimu ameshika ndama. Alikuwa hivyo. Anakukera asubuhi, mchana anakubebea mgonjwa. Mafuriko yalipokuja ndiye aliyemtoa mke wa mwenyekiti juu ya paa, na alipomfikisha pakavu akamsahihisha namna alivyoomba msaada.

Sasa shamba langu liko chini ya kilima. Katikati pana ukuta wa mawe, unanifika kiunoni, umepinda kama mkono uliokunjwa. Ule ukuta aliujenga mama yangu. Maji ya kilimani yalikuwa yanashuka yanabeba maharage, akasema hayatabeba tena. Kiangazi kizima tulibeba mawe kichwani kwa ngata, mimi na yeye na wanawake wawili wa jirani ambao sasa ni marehemu, Mwalimu yuko pwani anasomea ualimu. Jiwe moja liliniangukia, kidole hiki, ona ukucha ulivyokaa upande. Na kwenye msingi, upande wa kona, mama alilaza nusu ya jiwe lake la kusagia lililopasuka, akasema limenilisha miaka yote, lishike na maji. Nusu ya pili ninayo hapa jikoni, naegemezea mlango.

Mwalimu akaanza kuutazama ule ukuta. Anapita mara moja, anapita mara mbili, anasimama. Siku moja akaja na daftari. "Mama, wewe ni mwenyeji. Bibi yako alizungumza nini kuhusu ukuta huu?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Nilisikia kitu kinanishuka mgongoni, kitamu. Nikasema moyoni, Redio, huyu amejileta.

Nikamtoa bibi yangu. Sauti ya chini, meno hayapo, anavuta pumzi kila neno la tatu. "Mjukuu wangu, hapa walikuja Wajerumani. Mkubwa wao ndevu kama ndevu za hindi. Akasema jengeni, wakajenga. Akasema wekeni mzinga, wakaweka, mdomo wake ukatazama kule reli inakotokea." Nikamtoa na Mjerumani mwenyewe, anabweka. Nikamtoa askari aliyepewa kazi ya kuupaka mzinga mafuta ya nyonyo. Mwalimu aliandika jasho linamdondoka kwenye karatasi. Alikuja siku sita. Nilimpa ngome nzima, mlango wake, mlinzi wake, mpaka mbwa wa mlinzi.

Siku ya sita alinisomea yote aliyoyaandika. Alisoma taratibu, safari hii bila mkato wala nukta, na nilisikia maneno yangu yanatoka kwenye karatasi yananirudia. Hakuna aliyewahi kuniandika. Nikachungulia daftari. Hakuwa ameweka hata alama moja nyekundu. Macho yake yana maji. "Mama," akasema, "wewe ni kumi kwa kumi."

Nitakuambia ukweli, pale nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Mlangoni wakabisha hodi, kijana wa stendi ananiletea mfuko kutoka kwa kondakta. Kanga mbili na sukari. Nikauliza, aliyetuma yuko wapi? "Yupo Mikumi, bibi." Nikaufunga mdomo.

Miezi ikaenda. Mwalimu akaandika barua, akaisahihisha mwenyewe mara sijui ngapi, akaipeleka ofisini Kilosa kwa mkono. Wakamjibu. Watakuja wageni watatu kutoka mjini, watu wa kuandika habari za magofu ya zamani, wameshatembelea kuta zote za pwani wakasikia kuna mwalimu huku ameona mgongo wa ngome. Alikuwa kama bwana harusi. Alifyeka njia mpaka juu. Alininyolea hata nyasi za uwanja wangu.

Nikampigia Mwanaidi. Nikamwambia, mwanangu, njoo Jumamosi hii, siongezi neno, ukikosa hii usije tena hata nikifa. Akasema, "Mama unaumwa?" Nikasema, nitapona Jumamosi.

Akaja. Akashuka kwenye bodaboda pale barabarani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Sasa amekuwa mtu mzima mnene, ana hoteli yake mwenyewe, mwanaye yuko sekondari. Nikamshika mkono nikamweka mbele kabisa, karibu na ukuta, aone vizuri.

Watu walijaa. Mwenyekiti akafungua kwa ile sauti yake ya debe tupu, "Ndugu wananchi, leo kijiji chetu kinaingia kwenye ramani." Wageni walikuwa mama mmoja mwenye kofia kubwa na vijana wawili wenye vishikwambi vya kupigia picha. Mwalimu shati jeupe, fimbo mkononi. Akaueleza ukuta shubiri kwa shubiri. Hapa mlango, hapa mzinga, hapa mlinzi. Akaufananisha na kuta za pwani, akasema habari zake amezipata kwangu. Alieleza vizuri, hata mimi niliyeitunga ile ngome niliiona. Kijana mmoja ananiambia, "Bibi, hii stori ni kali sana, hebu tusimulie mwenyewe ile ya mzinga tukurekodi." Mwalimu akatabasamu. "Mama, simama. Wasimulie."

Nikasimama. Nikaingia ndani ya nyumba, nikatoka na lile jiwe langu limefungwa kwenye kanga. Zito, na mimi mzee, lakini siku ile halikuwa na uzito. Nikamwambia kijana, mwanangu, inama hapo kwenye kona, chomoa jiwe la chini, lile jembamba, utaona la nyuma yake. Akachomoa. Akapangusa udongo. Nikafungua kanga, nikamwambia, libandike hili kwenye lile.

Yakashikana. Upasuko kwa upasuko, hata unywele usingepita. Na lile bonde la kusagia likawa moja, limezama pale katikati mkono wa mama ulipopita.

Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo ni mara chache wanaisikia: huu ukuta aliujenga mama yangu kuzuia maji yasibebe maharage, na mawe nilibeba mimi, ukucha huu hapa. Mjerumani hakukanyaga. Ndevu za hindi nilizitoa kwenye mahindi.

Wakacheka. Kwanza wale vijana wawili, wakajizuia, wakashindwa. Kisha kijiji kizima. Mwenyekiti anacheka anamshika mke wake. Mama mwenye kofia yeye hakucheka, alimuuliza Mwalimu kwa upole, "Na hayo ya juu, mahandaki, msimulizi wake ni nani?" Mwalimu anatazama daftari lake, anafungua, anafunga. Pale yalikuwa yanahitajika maneno mawili tu. Wote tulijua mahandaki ni ya kweli, lakini mgeni alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu mwongo ndiye anayeulizwa ukweli umebaki wapi. Nikatazama pembeni. Wakashukuru, wakapanda gari. Kilima hawakukipanda.

Mwalimu akabaki pale ukutani na fimbo yake. Akatoa kalamu nyekundu. Akafungua zile kurasa za siku sita, akapiga mstari mmoja mmoja kutoka pembe mpaka pembe, hana haraka, kama mtu anayesahihisha madaftari ya darasa zima.

Nikamsogelea. Nikapiga goti kidogo, vizuri, kama binti. "Shikamoo, Mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na saba. Hakuitikia.

Nikamwambia, hii ni ya ile barua.

Akainua macho. Hakuwa na hasira, alikuwa anatafuta kweli kweli, kama anavyotafuta ganda la risasi kwenye nyasi. "Barua ipi, mama? Nimesoma barua nyingi."

Nikamwonyesha Mwanaidi. Nikasimama wima, kidevu juu, nikatoa ile sauti watu wote waisikie kwa mara ya mwisho. "Nalala juu ya meza, mkato, tunayokatia vitunguu, nukta." Watu waliobaki wakaanza kucheka tena, wameizoea, wengine wanaimalizia pamoja na mimi, mpaka watoto ambao barua inakuja walikuwa hawajazaliwa. Nikageuka kwa mwanangu nione furaha yake.

Mwanaidi alikuwa anajifunga kanga ya safari. Akamwendea Mwalimu, akaokota fimbo yake iliyokuwa imeanguka, akampa kwa mikono miwili, akamwambia shikamoo, akaitikiwa. Kisha akanigeukia.

"Mama, Mwalimu aliisoma mara moja. Wewe umeisoma miaka yote hii, na kusoma hujui."